Chinguvu, Kinguvu

Baba alishuka Lubumbashi na treni ya Dilolo,
siku nne juu ya magunia ya chumvi ya mtu mwingine,
mkononi kichwa cha cherehani kisicho na miguu.
Kwenye ofisi ya komini karani hakuinua macho.
"Jina?"
"Chinguvu."
Chinguvu kwetu ni ngoma ya gogo,
hupigwa mbavu zote mbili, husikika ng'ambo ya mto.
Karani akaandika Kinguvu, akagonga muhuri.
"Chi, ki, nguvu ni ileile. Anayefuata!"

Ndivyo nilivyozaliwa Katuba na jina la muhuri.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kuwa mdomo wa mama.
Mama Domingas, mwenye Kireno cha misa na Kichokwe cha hasira,
Kifaransa alikiogopa kama mbwa asiyefungwa.
Nilisimama kwenye madirisha, kidevu juu ya mbao,
nikigeuza maneno ya daktari, ya mwalimu mkuu, ya mwenye nyumba.
Mengine niliyalainisha njiani.
Mwenye nyumba aliposema, "Watu wa kuja, hawana haya,"
nilimwambia mama, "Anasema tulipe Ijumaa."

Baba alishona kaptula za shule za mtaa mzima
ili mimi nisome sheria.
Nikasoma. Nikapata kazi kwenye kampuni ya shaba:
kofia ya njano, gari jeupe, mshahara wa dola.
Mama alipika bukari na kuku, akaita hata majirani tuliogombana nao.

Kazi yangu ilikuwa kueleza.
Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wakulima,
nikawasomea karatasi inayowaambia wahame.
Mzee mmoja aliuliza, "Na makaburi?"
Karatasi ilisema mita za mraba.
Nikamwambia, "Yatatunzwa."
Nikajishika hapo hapo, ulimi katikati ya kinywa:
nalainisha tena,
na safari hii kwa faida ya mwenye nyumba.

Nilimaliza miezi kumi na moja. Wa kumi na mbili sikuuanza.

Sasa nina meza Kamalondo, mabenchi mawili, mashine ya kunakili inayokohoa.
Tunaandikisha watoto wasio na cheti:
wa wachimbaji, wa waliofukuzwa huku na kule,
wa mama aliyejifungua njiani na hajui aseme njia ya wapi.
Bila karatasi mtoto hafanyi mtihani wa taifa.
Bila karatasi, hata akifa, hesabu haimjui.

Baba hakusema nami tangu masika hadi kiangazi.
Halafu alisema mara moja, akitunga uzi:
"Macho yangu yameishia kwenye tundu la sindano.
Kazi gani hii, haina makuta?"
Sikuwa na jibu. Kodi ya Julai nilikuwa sijalipa.

Oktoba, jakaranda zikimwaga zambarau juu ya vumbi jekundu,
aliingia. Alichukua namba kama watu wote, ishirini na saba,
akakaa, kofia juu ya goti.
Zamu yake ilipofika aliweka kitambulisho mezani,
akagusa herufi ya kwanza kwa ukucha.
"Hii K. Itoe."

Nilimweleza: mahakama, mashahidi wawili, stempu,
na mfuko wa kulipia stempu umekauka mwezi huu.
"Baba, rudi Novemba."
Akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega.
"Miaka arobaini na moja. Novemba itanishinda?"

Hakuondoka.
Alirudi kwenye benchi, kando ya mama mmoja wa Kasai
aliyefunga kichanga mgongoni na kukunja karatasi hadi ikawa punje.
Nilikuwa naita namba thelathini
nikamsikia, kwa Kiswahili chake chenye viraka, anamwelekeza:
dirisha la kwanza ni la kushoto,
muhuri haulipiwi, akikuomba pesa mwambie binti yangu,
"na jina la mtoto, mama,
usikubali aandike kabla hajakutazama."